Je, Wajua? Stempu Iliyokosewa Makusudi

Oktoba 23, 1962 Posta ya Marekani ilitoa stempu ya senti 4 ya kumuenzi Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefia kazini mwaka mmoja nyuma. Ina sura yake, jengo la makao makuu ya Umoja wa Mataifa kule New York, na rangi tatu: nyeusi, kahawia na manjano. Zilichapishwa stempu zaidi ya milioni 120.

Muda si mrefu, sonara mmoja wa New Jersey aitwaye Leonard Sherman alinunua shiti ya stempu 50 akagundua kwamba rangi ya manjano imekaa juu chini. Karatasi ikipitishwa mtamboni mara ya pili huku imegeuzwa, rangi ya pili huangukia mahali pasipo pake, na ndicho kilichotokea. Sura ya marehemu na maandishi viko sawasawa. Kilichohama ni eneo jeupe tu, ambalo lingetakiwa kuwa upande mwingine. Asiyejua angeilamba, akaibandika kwenye bahasha na kuituma bila kushtuka. Kwa wakusanyaji wa stempu, kosa kama hilo ni utajiri.

Mkuu wa Posta, J. Edward Day, hakutaka Posta ya serikali igeuke bahati nasibu. Akaamuru kosa lirudiwe makusudi, zikachapishwa nyingine zaidi ya milioni 40 zenye manjano ya kichwa chini. Sherman alikimbilia mahakamani kujaribu kuzuia, lakini stempu zilishaanza kuuzwa. Mpaka leo yeyote anaweza kuipata kwa bei ndogo sana.

Hiyo ndiyo habari inayosimuliwa kila stempu hii inapotajwa, na ni tamu kweli. Inaniuma tu kwamba imewafunika waliokufa.

Usiku wa kuamkia Septemba 18, 1961, ndege aina ya DC-6 iliyoitwa Albertina ilianguka msituni karibu na Ndola, katika Zambia ya leo. Ilitoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya sasa. Hammarskjöld alikuwa anakwenda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo la Kongo lililojitenga, ili vita vya huko visimame. Ndani ya ndege walikuwamo watu 16: marubani na wahudumu kutoka Sweden, washauri, walinzi, na katibu muhtasi Alice Lalande kutoka Kanada. Sajenti Harold Julien, mlinzi, aliokolewa akiwa hai, ameungua vibaya. Aliweza kuzungumza na waliokuwa wakimuuguza, kisha akafariki hospitalini siku chache baadaye. Wote hao walikuwa kwenye kazi ileile, safari ileile, lakini stempu ya Marekani ilibeba sura ya mkubwa wao peke yake.

Kongo yenyewe ilitangulia kutoa stempu zake za kumuenzi Hammarskjöld, mapema mwaka huo wa 1962. Baadaye zilipigwa chapa juu yake kaulimbiu ya serikali na jina la waziri mkuu, Cyrille Adoula. Sioni kwa nini kumbukumbu ya marehemu ifanywe ubao wa matangazo. Stempu ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka huohuo, ndiyo naiona imefanya haki: badala ya uso wa mtu iliweka bendera ikipepea nusu mlingoti. Bendera hiyo imeshushwa kwa ajili ya Lalande na Julien pia.

Chanzo cha ajali kinachunguzwa hadi miaka yetu hii, na aliyekabidhiwa kazi hiyo na Umoja wa Mataifa ni Mtanzania, Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Wachoma mkaa waliokuwa msituni usiku ule walieleza waliyoyaona angani, lakini tume ya serikali ya kikoloni haikuwapa uzito. Katika uchunguzi wa sasa, ushahidi wa Waafrika hao umepimwa upya kwa heshima uliyostahili tangu mwanzo. Kinachokwamisha ni nyaraka za kijasusi na za kijeshi, na katika ripoti zake Jaji Othman ametaja nchi ambazo hazijatoa ushirikiano wa kutosha, zikiwemo Uingereza, Marekani na Afrika Kusini.