Stesheni Ipi, Mama?

Hapa kwetu Murongo ukisimama kando ya Mto Kagera unaiona Kikagati ya Uganda ng'ambo ya pili, lakini Dar es Salaam iko mbali nasi mno. Hata hivyo wengi wetu hatuna budi kufika huko. Wapo wanaofuata bidhaa Kariakoo, wapo wanaouguza Muhimbili, na wapo ambao wakitoka Dar es Salaam hupitia Dodoma kumpeleka mtoto chuoni au kumtazama binti aliyejifungua.

Treni ya umeme ya reli ya kisasa, ambayo kila mtu anaiita SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na ikafika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Tangu hapo akina mama wa huku kwetu wameanza kuunganisha safari: basi hadi Bukoba kupitia Omurushaka na Kyaka, ndege hadi Dar es Salaam, kisha treni hadi Dodoma. Ndege ina wahudumu wa kukuelekeza, na treni vilevile. Taabu iko katikati, katika zile kilomita zipatazo 12 kutoka uwanja wa ndege hadi stesheni, ambako mama yuko peke yake na watoto na mizigo.

Tuseme mapema kwamba kama huna shughuli yoyote Dar es Salaam, basi la Bukoba kwenda Dodoma ni nafuu kwako na halina mzunguko huu. Tunawaandikia wale ambao lazima wapite Dar.

Mama mmoja jirani yetu alisafiri na mtoto wa miezi saba mgongoni, akimsindikiza binti yake mkubwa aliyepata nafasi ya chuo Dodoma. Alipotoka uwanjani alimwambia dereva wa teksi neno moja tu: "Stesheni." Dereva akawapeleka. Jengo lilikuwa kubwa, na reli zilikuwapo. Wakaketi kwenye benchi, mtoto akanyonya akalala. Ilipita karibu saa nzima ndipo binti akamwuliza mzee mmoja mbona hawaoni watu wa Dodoma. Yule mzee akawatazama kwa huruma. "Mama, hapa ni TAZARA. Hapa tunakwenda Mbeya na Zambia." Walipofika stesheni yao, milango ilikuwa imefungwa na treni inaondoka. Walilala nyumba ya wageni, wakakata tiketi nyingine, na fedha zilizotumika zilikuwa za kumwandikisha binti chuoni.

Hatuoni kwamba dereva alimdanganya. TAZARA ni stesheni kweli, tena ndiyo utakayoikuta kwanza ukitoka uwanjani kwenda mjini. Wazazi wetu walipokuwa wakisafiri kwa meli kutoka Bukoba hadi Mwanza, kisha kwa reli ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928, stesheni ya Dar es Salaam ilikuwa moja tu, ile ya Reli ya Kati waliyoanza kuijenga Wajerumani mwaka 1905. Neno "stesheni" likatosha. Katika miaka ya 1970 ikaja TAZARA, na mwaka 2024 ikaja ya SGR. Sasa ziko tatu, na neno limebaki lilelile.

Kwa hiyo sema maneno yote: "Kaka, nipeleke stesheni ya SGR, ile ya treni ya umeme mjini, siyo TAZARA." Wengine huiita Stesheni ya Magufuli. Iko katikati ya jiji, jirani na ile stesheni ya zamani, na paa lake limejengwa kwa mfano wa jiwe la tanzanaiti; ukiliona hutalisahau.

Njia yenyewe si ngumu. Ndege za Bukoba kwa kawaida hushusha abiria Terminali ya Pili ya Uwanja wa Julius Nyerere. Ile ya Tatu, iliyofunguliwa mwaka 2019, ni ya safari za nje ya nchi. Ukitoka unaifuata Barabara ya Nyerere karibu moja kwa moja hadi mjini. Utapita Vingunguti, kisha makutano ya TAZARA penye daraja la juu la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018, halafu Chang'ombe, hadi Kamata na Gerezani. Ukiona gari limesimama kukushusha kabla ya kulipita daraja la Mfugale, uliza upesi, maana bado hujafika.

Teksi zipo mlangoni. Patana bei kabla mzigo haujaingia kwenye buti, kwani mzigo ukishaingia nguvu ya kupatana inakwisha. Kama una kijana anayejua kuita teksi kwa simu, mwache aite, ila aandike mahali pa kwenda kwa jina kamili, maana simu nayo huchanganya stesheni. Daladala zinazotoka Gongo la Mboto ni nafuu zaidi, na kutoka Terminali ya Pili hadi barabarani ni matembezi mafupi. Lakini zinazokwenda Kariakoo hazikufikishi Stesheni, utashuka na kutafuta usafiri mwingine. Kwa mtu aliye peke yake na begi moja, sawa. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, tunasema alipie teksi na akabane matumizi kwingine.

Kuhusu muda tuna neno zito kidogo. Ndege za Bukoba hutegemea hali ya hewa ya ziwani. Asubuhi ya ukungu au mvua inaweza kuisogeza safari kwa saa kadhaa, na hakuna atakayemlaumu rubani, hasa sisi tunaokumbuka ajali ya Novemba 2022 iliyoua watu 19 pale Bukoba. Foleni ya Barabara ya Nyerere nayo haina huruma asubuhi watu wanapoingia kazini. Stesheni kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine na wa vitambulisho, kama uwanja wa ndege, na milango hufungwa kabla treni haijaondoka. Fika saa mbili kabla. Ukijumlisha yote, usikate tiketi ya treni inayoondoka chini ya saa nne baada ya ndege kutua. Chukua ya jioni, au lala kwa ndugu usafiri kesho yake.

Tiketi ikiwa ndani ya simu, hakikisha simu ina chaji, na namba yake iandike pia kwenye karatasi. Nauli ya daraja la kawaida hadi Dodoma ilipoanza mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Mkungu wa ndizi uache nyumbani, dada. Tunajua shemeji wa Dodoma anausubiri, lakini utakutesa kwenye ndege, kwenye teksi na kwenye mashine ya ukaguzi. Senene za kukaanga kwenye kopo dogo zinatosha kumfurahisha.

Wakati wa kurudi, wapo wanaoona katika ramani kwamba stesheni ya Pugu iko upande uleule wa uwanja wa ndege, wakaamua kushukia huko. Si kila treni husimama Pugu, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi. Na kama treni inafika usiku nawe una watoto, nenda nayo hadi mjini, ulale, kisha asubuhi umwambie dereva: "Uwanja wa ndege, Terminali ya Pili."