Kompyuta Moja kwa Picha na kwa Urubani

Tangu tulipofungua shule mwaka huu, wenzangu wa bwenini wameniuliza mara nyingi jinsi mtu anavyoweza kuchagua kompyuta ya nyumbani. Wamesikia kwamba katika likizo ya Desemba mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua ya kwetu, wakadhani kwamba ni bingwa wa mambo hayo. Mimi si bingwa. Nilikosea kwanza ndipo nikapatia, na huenda kosa langu likawafaa wengine. Kwa sababu hiyo naandika haya.

Mama yangu ni mpiga picha. Hupiga picha za arusi, za ubatizo na za mahafali, kisha huzisafisha katika kompyuta kabla ya kuzipeleka kuchapwa. Mimi nami nina shauku moja kubwa, nayo ni ndege. Nataka kuwa rubani, na kabla ya siku hiyo kufika napenda kujifunza kwa programu za kuigiza urubani. Basi nyumbani palikuwa na kazi mbili, kompyuta moja ya kununuliwa, na fedha ambazo mama alizidunduliza mwaka mzima. Akaniambia, "Wewe ndiye unayesoma kompyuta shuleni. Andika orodha, halafu tutaisoma pamoja."

Kabla ya kuandika orodha yapasa kujua kila sehemu ya kompyuta hufanya nini. Fikiri duka la fundi cherehani. Fundi mwenyewe ni prosesa, maana ndiye afanyaye hesabu zote. Meza yake ya kukatia ni ramu, yaani kumbukumbu ya kazi: meza ikiwa ndogo, fundi hupoteza muda akiondoa kitambaa hiki ili apate nafasi ya kutandaza kile. Kabati la vitambaa ni diski, ambayo huhifadhi vitu hata umeme ukizimika. Tena yuko msaidizi mwenye kazi moja tu, kuchora kwa haraka yale yaonekanayo katika skrini. Huyo ni kadi ya picha. Jina lake hudanganya watu wengi, nami lilinidanganya, kama nitakavyoeleza.

Sasa tutazame picha. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Marekani, alitengeneza kamera ya dijitali iliyoweza kubebwa mkononi. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, nayo ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika ukanda wa kaseti. Kamera ya mama hutoa picha yenye nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo, yaani nukta milioni 24. Kila nukta ina rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila rangi huchukua walau baiti moja. Kwa hiyo picha moja ikifunguliwa hutaka baiti milioni 72 katika ramu. Ikihifadhiwa kwa mtindo wa JPEG hukunjwa ikawa ndogo, pengine baiti milioni 10, lakini kila mara ifunguliwapo hukunjuka tena. Mama akiweka tabaka tano juu ya picha moja ili asafishe uso, nguo na mwanga, hizo zimekuwa baiti milioni 360. Hapo ndipo ramu ya gigabaiti 4 huanza kulalamika, na ile ya 16 hufanya kazi kwa raha.

Diski nayo ina hesabu yake. Mama hupenda kuhifadhi picha bila kuzikunja kwa mtindo wa JPEG ili asipoteze rangi, na kila moja huwa kama megabaiti 25. Arusi moja yenye picha 800 ni gigabaiti 20. Arusi 50 hujaza diski ya terabaiti 1. Lakini kadi kubwa ya picha haimsaidii sana katika kazi hii. Yeye hutaka meza pana, kabati kubwa, na skrini isiyodanganya rangi. Skrini nyingine ukiinamisha kichwa kidogo tu, uso wa bibi arusi hugeuka rangi. Skrini za aina ya IPS hazina sana kasoro hiyo, na kwa mpiga picha hilo ni jambo kubwa.

Urubani ni habari nyingine. Wako wanaosema kwamba kuigiza urubani ni mchezo wa watoto. Nawakumbusha habari za Edwin Link, mtoto wa mtengeneza vinanda wa mji wa Binghamton, Marekani. Mnamo mwaka 1929 alikamilisha chombo cha kufundishia marubani wakiwa chini, akitumia mivukuto ya vinanda vya baba yake ili kukiyumbisha kama ndege. Mwanzoni watu walikiona ni kitu cha kuchezea katika maonyesho. Mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa wa jeshi kufa katika hali mbaya ya hewa wakipeleka barua, jeshi la Marekani lilinunua vyombo vyake sita. Ni kweli kwamba kuigiza hakumfanyi mtu kuwa rubani. Leseni ya rubani wa ndege ndogo kwa kawaida hutaka saa zisizopungua 40 hewani. Lakini hufundisha kusoma saa za ndege, kufuata orodha ya ukaguzi, na kutopapatika.

Kwa kompyuta, tofauti yake na kazi ya mama ni hii: picha ya arusi yaweza kungoja sekunde tatu, bali ndege inayotua haingoji. Senema huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Tuseme programu ya urubani yachora 30. Ina sehemu ya thelathini ya sekunde tu, na katika muda huo prosesa hupiga hesabu ya upepo, uzito, mwendo na mabawa, kisha kadi ya picha huchora ardhi, mawingu na kiwanja. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa 1,080, zaidi ya milioni 2. Ukizidisha kwa 30, ni zaidi ya nukta milioni 62 kila sekunde. Hapa ndipo kadi ya picha yatakiwa kweli kweli. Prosesa nayo iwe yenye kiini chepesi. Siku hizi huwa na viini vingi, lakini sehemu kubwa ya hesabu za ndege hufuatana, moja ikiingoja nyingine, kwa hiyo wepesi wa kiini kimoja mara nyingi wafaa kuliko wingi wa viini.

Yafaa pia kuchagua programu kabla ya kuchagua kompyuta. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 ilitaka ramu ya gigabaiti 8 kwa uchache, 16 kwa kupendekezwa, na nafasi ya gigabaiti 150 katika diski. Ile ya mwaka 2024 ilipunguza nafasi hiyo hadi 50, lakini yataka ramu ya 16 kwa uchache, na sehemu kubwa ya mandhari huja kwa njia ya intaneti wakati unaporuka. Nyumbani kwetu intaneti hununuliwa kwa vifurushi. Safari moja ya Dodoma ingemaliza kifurushi cha wiki. Iko programu nyingine, FlightGear, ambayo ni ya bure, na mandhari yake yaweza kupakuliwa mara moja na kuhifadhiwa. Nikaichagua hiyo.

Kazi hizi mbili hugombana hasa katika skrini. Skrini ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani mara nne ya ile ya kawaida. Kwa mama ni nzuri, maana aona kila unywele. Kwa ndege ni mzigo, maana kadi ya picha yapaswa kuchora mara nne zaidi, na ile inayotosha leo haitatosha tena. Hapana budi mmoja apunguze. Tukakubaliana skrini ya kawaida, lakini ya IPS.

Sasa nieleze kosa langu. Niliandika orodha ya kwanza usiku mmoja kwa furaha nyingi. Niliweka kadi kubwa ya picha, nikijiambia kwamba kwa kuwa yaitwa kadi ya picha, itamfaa na mama pia. Niliweka usukani wa ndege pamoja na pedali zake. Niliweka diski moja ya SSD ya gigabaiti 500, kwa sababu ni nyepesi na programu hufunguka upesi. Fedha zikaisha pale pale. Asubuhi nikampa mama. Akaisoma polepole mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Sasa, mwanangu, picha za bibi yako zitalala wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwaka juzi kompyuta yetu ya zamani ilikufa diski. Fundi aliijaribu siku mbili, akaturudishia, akasema pole. Ndani yake mlikuwa na picha zote ambazo mama alimpiga bibi kwa miaka sita: akipepeta mchele, akicheka na jirani, akiwa amelala kivulini. Bibi alikuwa ameshafariki. Ilibaki picha moja tu, ile iliyo ukutani. Mimi nililijua hilo vizuri, hata hivyo niliandika orodha nzima nisilikumbuke, maana nilikuwa nikifikiri ndege.

Tukaanza upya. Wataalamu wana kanuni nyepesi kukumbuka: kila kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali na nyumba. Moto au mwizi hachagui diski. Orodha ya pili ikawa hivi: kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 8, ramu ya gigabaiti 16, SSD ya gigabaiti 500 kwa programu na kazi za wiki, diski ya kawaida ya terabaiti 1 kwa ghala, skrini tuliyokubaliana, kadi ya picha ya GTX 1650 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski mbili za nje, na UPS ya kutupa dakika chache za kuhifadhi kazi umeme ukikatika. Usukani na pedali nilivifuta mwenyewe. FlightGear huweza kuongozwa kwa mausi.

Wenye kununua kompyuta zilizotumika wajihadhari na mambo matatu. Kwanza, zile nyembamba sana zapendeza mezani, lakini kadi ya picha ya kimo cha kawaida haiingii. Pili, kisanduku cha umeme cha kompyuta za ofisini aghalabu ni kidogo, na kadi nyingine peke yake hutaka wati 150 au zaidi. Tulichagua GTX 1650 kwa sababu hutumia wati 75, kiasi ambacho ubao wa kompyuta waweza kutoa bila waya wa ziada. Lakini ziko zinazouzwa zikiwa na tundu la waya huo, basi itazame kwanza. Tatu, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8, isipokuwa chache. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, muulize kizazi.

Wengine wataniuliza kwa nini hatukununua kompyuta mpakato. Ni nzuri kwa msafiri. Lakini kazi nzito ya saa mbili huitia joto, nayo ikipata joto hupunguza mwendo yenyewe. Tena sehemu zake nyingi hazibadilishiki. Ya mezani, tukipata fedha mwakani, tutaongeza diski bila kuuza kitu.

Siku ya kwanza niliruka kutoka Mwanza kwa ndege ndogo ya Cessna 172, juu ya Ziwa Victoria. Nilianguka majini mara mbili, mara ya tatu nikatua nje kidogo ya njia. Mama alicheka sana, akaniambia niinuke kitini, zamu yangu imekwisha. Akaitoa ile picha ya bibi ukutani, akaipeleka dirishani penye mwanga, akaipiga kwa kamera yake. Akaiweka katika ghala, kisha katika diski ya kwanza ya nje, kisha katika ya pili. Hiyo ya pili nilipewa niipeleke kwa shangazi jioni ile ile, ikiwa imefungwa katika kitambaa.

Basi, ndugu wasomaji, mkiitwa kuchagua kompyuta ya nyumbani, msianze na duka. Anzeni na karatasi, na juu yake andikeni kazi ya kila mtu wa nyumba. Halafu mwulizeni mama vitu gani havitapatikana tena vikipotea. Hivyo viandikwe mstari wa kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne B