UZI: Ni mafuta machafu ama ni gari yako? Na ule ushuru wa mafuta taa unaingia wapi?

Kila tarehe 14 ya mwezi bei mpya za mafuta zikitangazwa, mabishano huwa ni yaleyale. Huyu anasema: "Tunalipa bei ghali na bado tunauziwa takataka." Yule anajibu: "Mambo ya kuchanganya mafuta yaliisha 2018." Halafu kuna mwenye Corolla ama Sunny ya miaka ishirini, juzi ameweka mafuta, leo gari inamisi ikipanda mlima, na anataka tu kujua amlaumu nani. Hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunafafanua jambo lenyewe.

Kwanza, mafuta yanatoka wapi? Kenya haisafishi mafuta tena. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kazi hiyo 2013. Petroli, dizeli na mafuta taa huingia Mombasa yakiwa yameshasafishwa, yanapimwa, kisha yanasukumwa kwa bomba la Kenya Pipeline kuelekea Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu. Kwenye matangi na bomba, petroli ya kampuni hii na ya kampuni ile huwekwa pamoja. Kampuni ikitaka kuongeza dawa yake ya kusafisha injini, huongeza baadaye. Kwa hivyo yule anayesema kwa jukwaa kwamba nchi nzima inaingiziwa mafuta mabovu kutoka bandarini ana kazi kubwa ya kuthibitisha. Ubovu mwingi huingia njiani: kwenye lori, ama kwenye tangi lililo chini ya ardhi pale kituoni.

Sasa hesabu ya mchanganyaji. Kwa miaka mingi mafuta taa yalitozwa ushuru mdogo kwa sababu ni mafuta ya mtu wa chini, wa taa na stovu. Hapo ndipo mwanya ulipatikana. Tuseme lita ya mafuta taa iko chini ya dizeli kwa shilingi 18. Lori la lita 30,000 ukilitilia lita 3,000 za mafuta taa, umejipatia 54,000 kwa safari moja, na dereva anayekuja kununua hataona tofauti kwa macho. Dizeli ndiyo iliyoumia zaidi, kwa sababu mafuta taa hujificha vizuri ndani yake. Petroli pia ilichanganywa, ila hapo injini hulalamika mapema.

2018 serikali ikaziba mwanya huo kwa bei. Ukaletwa ushuru wa kuzuia uchanganyaji, shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, na ushuru wa bidhaa juu ya mafuta hayo ukapandishwa pia. Mwaka huohuo VAT ya asilimia 8 ikaingia kwenye mafuta. Lita ya mafuta taa ikapita shilingi 100 Nairobi. Wakati huo mchanganyaji akakosa faida, hesabu ikafa.

Ilifanya kazi? Matumizi ya mafuta taa yalishuka sana baada ya hapo, na hapa ndipo pande mbili huchukua jambo moja na kulisoma kila mtu kivyake. Mmoja anasema: mnaona, yale yote yalikuwa yanaenda kwa malori. Mwingine anasema: hapana, ni mama mboga ameshindwa kununua, amerudi kwa makaa. Ukweli ni kwamba yote mawili yanaweza kushusha matumizi, na mtu akikupa sababu moja tu jua anakuuzia kitu.

Nani alilipa? Nyumba inayotumia lita moja kila siku mbili huchoma lita 15 kwa mwezi. Mara 18, ni shilingi 270 kila mwezi, ushuru huo mmoja pekee. Mwenye gari alilindwa na mwenye stovu. Mtu anaweza kuutetea ushuru huu, lakini asiutetee kana kwamba haukuwa na mlipaji.

Tena kuna hii, ambayo mimi naona haisemwi vya kutosha: kama nia ilikuwa watu wahame kutoka mafuta taa waende kwa gesi, mbona 2021 gesi ya kupikia ikatozwa VAT ya asilimia 16? Ilipunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023. Katikati hapo mtu alifukuzwa kwa stovu na mlango wa gesi ukawa umeegeshwa. Mgombea akija kwenu akiongea habari za mafuta, muulize hilo. Muulize pia: kwa kila shilingi 18, ni ngapi zinafika kwenye kupima mafuta vituoni?

Kwa sababu kupima kupo. Mafuta taa hutiwa alama ya kemikali kidogo sana kabla hayajasambazwa. Mafuta ya kupita kwenda nchi jirani nayo hutiwa alama. Wakaguzi wa EPRA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, huja na mashine, wanachukua sampuli, alama ikionekana pahali haifai kuonekana, kituo kimeshikwa. Majina ya vituo vilivyoanguka hutangazwa hadharani. Kabla hujasema "wote ni wezi", soma hiyo orodha uone kama kituo chako kimo.

Na tafadhali, tutenganishe makosa mawili. Mafuta ya kwenda nje yakimwagwa sokoni hapa ni kukwepa ushuru. Hilo ni kosa kubwa, lakini ni mafuta safi, injini yako haitajua. Mafuta yaliyotiwa mafuta taa ndiyo yanayoumiza gari. Kwenye mijadala haya mawili hupikwa chungu kimoja.

Haya, turudi kwa gari yako.

Mafuta taa kwenye petroli hufanya nini? Hayashiki moto kwa urahisi kama petroli, kwa hivyo asubuhi gari inakuwa ngumu kuwaka. Oktani inashuka, injini inagonga ukiikanyaga mlimani. Yasiyoungua vizuri hutoka kama moshi, yanaacha masizi kwenye plagi, na mengine huteremka na kuchanganyika na oili. Maji ni hadithi tofauti: huingia kwa tangi la kituo, hasa baada ya mvua kubwa kama mifuniko haifungi vizuri. Yakifika kwa injini gari hushtukashtuka na kuzima, mara nyingi kabla hujaenda mbali.

Shida ni kwamba gari ya zamani inaweza kufanya haya yote bila kosa la mtu yeyote. Plagi zimekwisha, koili moja inakufa, filta ya hewa imejaa vumbi, mpira wa hewa umepasuka, nozeli zimeziba. Kutoka tangi mafuta hupita kichujio, pampu, filta, halafu nozeli, na kila kituo kati ya hivyo kina miaka ishirini ya uchafu. Kwenye sedani nyingi za zamani filta iko chini ya boneti ama chini ya gari, fundi anaibadilisha haraka. Nyingi zilizokuja baadaye zina filta ndani ya tangi, pamoja na pampu, kwa hivyo haionekani na haikumbukwi. Kuna magari yameingia nchini yakiwa na miaka saba, yameongezwa kumi na tano hapa, na filta ni ileile ya Japani.

Halafu ile tabia yetu ya mafuta ya mia tano. Uchumi tunauelewa, si kila mtu anajaza tangi la lita 50. Lakini pampu ya ndani ya tangi hupoozwa na mafuta yaliyoizunguka. Ukiendesha kila siku taa ya mafuta ikiwa imewaka, pampu inapata joto, na maji na kutu vilivyolala chini ndivyo vinavyovutwa kwanza. Ukiweza, usishuke chini ya robo. Kuna hasara nyingine tena: ukiweka mia tano kwa vituo vinne tofauti wiki moja, siku gari ikizima huna wa kumshtaki.

Namna ya kutofautisha ni hii. Shida ya mafuta huja ghafla, kilomita chache baada ya kujaza, na mara nyingi haiji kwako peke yako. Uliza madereva wengine wa steji yako waliojaza hapo siku hiyo. Shida ya gari huja polepole: wiki hii mlima, wiki ijayo na kwa barabara tambarare, mafuta yanaisha haraka kuliko zamani.

Ukishuku mafuta, zima gari, usiendelee kulazimisha. Weka risiti na ukumbuke ni pampu gani. Fundi atoe mafuta kidogo kutoka tangini ayaweke kwenye chupa safi ya kioo, yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utaona mstari. Mafuta taa hutayaona hivyo. Mafundi huangusha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hukauka na kupotea, mafuta taa huacha doa la mafuta. Ni kipimo cha jua kali, kinakupa shaka tu, ushahidi unatoka kwa maabara. Na usifanye karibu na jiko, wala usinyonye mpira kwa mdomo.

Usikimbilie kununua petroli ya bei ya juu kama dawa. Sedani nyingi ndogo kutoka Japani zilitengenezewa petroli ya kawaida ya huko, ambayo oktani yake inaanzia 89, na petroli ya kawaida ya hapa iko juu ya hapo. Hiyo pesa ya ziada weka kwa filta na plagi. Zile chupa za kusafisha nozeli zinaweza kusaidia nozeli chafu kidogo, ila hazitoi maji wala hazifufui pampu.

Kama ni mafuta kweli, rudi kituoni na risiti na ile chupa kabla hujamwaga kila kitu, umuone meneja, kisha upeleke malalamiko EPRA ukitaja kituo, tarehe, saa na lita. Tangi litolewe mafuta yote, lisafishwe, na filta ibadilishwe palepale, maana ile ya zamani imeshakunywa uchafu. Na yale mafuta yaliyotolewa, uliza fundi anayapeleka wapi. Gereji nyingine huyauza kwa boda boda jioni hiyohiyo.