Bei na Kipimo Chake

Twataka kusema neno juu ya hesabu. Si ile ya mtihani, bali ile ya sokoni. Mtoto aweza kugawanya ubaoni pasipo kukosa, naye akitumwa dukani huchagua kitu chenye bei ndogo, akarudi akidhani amenunua rahisi. Sababu yake ni kwamba amefundishwa kugawanya, wala hakufundishwa kigawanywe nini kwa nini. Ndiyo kazi ya somo la uwiano: bei haisemi neno mpaka isimame pamoja na kipimo chake.

Wazee walijua ya kuwa vibaba vinne ni pishi moja. Tena walitenga kibaba cha tele, kilichojazwa hata kikafanya kichuguu, na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni. Mwenye busara aliuliza kwanza ni kibaba gani, ndipo akauliza bei.

Basi mwalimu wa Handeni au Korogwe na aanze na mahindi, ambayo kila mtoto ayajua. Tuseme, kwa mfano tu, dukani kilo moja ni shilingi 1,000, na mwenye debe ataka shilingi 16,200, na debe lake limepimwa likawa kilo 18. Wengi watasema ya dukani ni rahisi. Wagawanye 16,200 kwa 18, waone 900. Lakini wasiachwe hapo. Waulizwe, je, mama mwenye shilingi 2,000 tu mkononi afanyeje? Hapo darasa huenda likanyamaza, maana wengine wamjua mama huyo. Hesabu haimlaumu anunuaye kidogo kidogo. Yaonyesha atozwavyo kwa uhaba wake. Tena yaonyesha ya kuwa majirani tisa wakitoa 1,800 kila mmoja hupata debe zima, kila nyumba kilo mbili, na shilingi 200 zikabaki mkononi.

Wazazi wakulima nao wanayo hesabu yao, nayo ni chungu zaidi: lumbesa. Gunia la kilo 100 likiuzwa 80,000, kilo ni 800. Likishindiliwa na kushonewa kilemba hata likawa kilo 125, kwa bei ile ile, kilo ni 640. Mkulima aona noti zile zile, asione kilo 25 zilizokwenda bure. Sheria yakataza gunia la mazao kupita kilo 100, lakini atakayelipima shambani ni nani, kama si mtoto wake aliyesoma?

Katika kitabu cha Amosi, sura ya 8, nabii awakemea wafanya biashara waliopunguza efa na kuongeza shekeli, yaani waliharibu uwiano pande zote mbili pamoja. Mwalimu na awape watoto hesabu hiyo: kipimo kikipunguzwa sehemu moja ya tano, na bei ikapandishwa sehemu moja ya tano, mnunuzi amezidishiwa kiasi gani? Wengi watajibu, sehemu mbili za tano. Wagawanye 6 kwa 4, nao wataona ni nusu nzima.