Kihisio cha Kuchapwa na Gesi Isiyonusika
Jiko la mkaa likiachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa, Bariadi mjini au kijijini Simiyu, hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kipimo cha kawaida cha oksijeni kidoleni hakiitambui. Huweza kuonyesha kiwango kizuri ilhali mgonjwa anazidiwa.

Kwa printa ya kunyunyiza wino, watafiti huchapa mirija midogo mno ya kaboni juu ya plastiki inayokunjika. Gesi ikiigusa, ukinzani wake wa umeme hubadilika. Mirija mitupu hutambua amonia. Kwa monoksidi ya kaboni huhitaji kuongezewa kemikali nyingine.

Kabla vihisio hivyo havijafika majumbani, jiko likae nje. Aumwaye kichwa karibu nalo atolewe upesi, apelekwe kituoni apewe oksijeni.