Mpunga Umshindao Fukusi

Katika mashamba ya Mwea, yanyweshwayo maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, mkulima akichagua mbegu huuliza kwanza itampa magunia mangapi, kisha kama itanukia sokoni. Ni wachache waulizao kama ganda lake hufunga barabara. Walakini swali hilo ndilo liamualo kama chakula alichowawekea watoto wake kitafika mavuno yajayo.

Fukusi ni mdudu mwenye pua ndefu, urefu wake milimita 3 hivi. Jike hutoboa punje kwa pua hiyo, hutia yai moja, kisha huziba tundu kwa ute, hata si rahisi kulitambua kwa macho. Buu hukua mle ndani akila, na penye joto jingi mdudu mzima hutoka baada ya majuma matano hivi. Jike mmoja aweza kutaga mayai 300 na zaidi. Ndiyo sababu gunia lililowekwa likiwa safi hufunguliwa likitoa unga.

Lakini mdudu huyu hushindwa na ganda zima. Punje ya mpunga imefunikwa kwa maganda mawili yakutanayo kando kama mbao za mlango. Wataalamu waliolinganisha aina mbalimbali waliona kwamba zile ambazo mbao hizo huacha ufa ndizo ziliwazo zaidi. Harufu nzuri haimzuii fukusi, wala wingi wa mavuno. Mchele uliokobolewa hauna mlango kabisa. Kwa hiyo yafaa kuweka akiba ya mpunga na kukoboa wa kutosha siku chache tu.

Hata mbegu njema huharibiwa na mikono ya mwenyewe. Mpunga upurwao kwa fujo hupasuka maganda, na ule uwekwao kabla ya kukauka vema humkaribisha mdudu, na ukungu pia. Tena, nondo wa nafaka si kama fukusi: buu wake ni mwembamba sana, naye hupenya ufa mdogo mno.

Mkulima aweza kujaribu mwenyewe. Achukue punje 100 za kila aina, kavu, zisizo na mdudu, azitie katika chupa mbalimbali pamoja na fukusi kumi kumi, na kufunika kwa kitambaa chembamba. Baada ya majuma mawili awaondoe fukusi wale. Majuma sita yakipita, ahesabu waliozaliwa katika kila chupa.