Baraka Zikijaa, Mpungie Mwenzako Mkono



Sisi watu wa Karungu ziwa tunalijua. Kuna usiku wavuvi wa omena wanakesha na taa zao, halafu asubuhi wanarudi Sori mikono mitupu na deni linawangoja. Na kuna usiku nyavu zinajaa, ufuo mzima unachangamka.

Petro aliyapitia hayo yote. Soma Injili ya Luka sura ya 5. Alikuwa amekesha bila kupata kitu. Yesu akamwambia arudi kilindini, na safari hii nyavu zikaanza kukatika. Petro alifanya nini? Aliwapungia mkono wenzake wa mashua ya pili waje kusaidia. Mashua zote mbili zikajaa.

Angeng'ang'ania samaki wale peke yake, nyavu zingekatika akose vyote. Mungu alimpa kuliko mashua yake inavyoweza kubeba, kwa sababu wenzake nao walikuwa wamehesabiwa. Hata sisi, tukipata zaidi, tuulize: ni nani yuko kwenye mashua ya pili?

BARAKA SI PESA TU

Wengi husema, "Mimi sina kitu, nitatoa nini?" Lakini afya ni baraka. Plau na ng'ombe wa kulima ni baraka. Kujua kushona, au kumsomea jirani barua ya shule, ni baraka. Wazee wetu walikuwa na saga: unaita majirani, wanakulimia, unawapikia. Hata maskini aliweza kuita na kuitwa. Na yule mjane wa Marko sura ya 12 alitoa visarafu viwili tu, lakini Yesu alisema amewapita matajiri, maana wao walitoa ziada na yeye alitoa riziki yake.

NILIVYOKOSEA MIMI

Miaka ya nyuma nilimpelekea mama mmoja mjane gunia la mahindi kwa gari la ofisi. Watu walijaa kutazama, tukapiga picha. Niliporudi baada ya miezi miwili nilimkuta na njaa kuliko mwanzo. Mahindi yalikuwa yameisha, na majirani waliokuwa wakimletea unga kidogo kidogo walikuwa wameacha. Walisema, "Huyo sasa ni wa mradi." Sikuwa nimemuuliza jirani hata mmoja. Msaada wangu uliwafukuza waliokuwa karibu naye.

Misaada ya kutoka mbali tunaishukuru. Hapa kwetu Hospitali ya Misheni ya St. Camillus na kituo cha Dala Kiye zimewabeba watoto wengi walioachwa yatima na ukimwi. Lakini Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tukaona jinsi mkono wa mbali unavyoweza kuondolewa ghafla. Mkono wa jirani ndio unaobaki.

TUANZE NA KATIBA YETU

Vikundi vingi vya nyoluoro vina sheria hii: ukikosa kuchanga mara tatu, unatolewa. Sheria ni nzuri kwa mvivu. Lakini mama akifiwa na mume, au akilazwa hospitalini, tunamtoa wiki ileile anayotuhitaji zaidi. Halafu Jumapili tunakaa naye benchi moja kanisani! Hapo tujiulize kikundi chetu ni cha nini.

Paulo alikuwa na njia rahisi. Alipokuwa akiwachangia maskini wa Yerusalemu, aliwaambia Wakorinto watenge kitu kila siku ya kwanza ya juma, kila mtu kadiri ya mapato yake (1 Wakorinto 16). Hakutaka wangoje mpaka yeye afike ndipo waanze kutafuta. Sisi pia tunaweza:

1. Tengeni kwanza, kabla ya kugawana. Watu 20 wakiweka shilingi 10 kila wiki, hiyo ni shilingi 200. Kwa wiki 52 mtakuwa na shilingi 10,400. Hizo ni sare, daftari na nauli ya hospitali.

2. Andikeni. Mweka hazina aandike kilichoingia na kilichotoka, na kisomwe mbele ya wote kila mwezi. Ukarimu bila daftari huleta ugomvi.

3. Muulizeni mwenye shida. Pengine hataki unga, anataka watu wa kumlimia kabla mvua haijaanza. Msimwamulie.

4. Mpeni kwa siri. Waende watu wawili, bila picha wala hotuba. Mtoto wake asije akachekwa shuleni.

5. Badilisheni sheria. Aliyefiwa au aliye mgonjwa apumzishwe kuchanga kwa muda mtakaokubaliana, na nafasi yake ikae.

Msiogope kwamba kikundi kitafilisika. Anayesaidiwa leo ndiye atakayekuja kulima shamba lako kesho. Petro alipopunga mkono, mashua yake ilibaki imejaa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani aliyetoka katika kikundi chetu mwaka huu, na alitoka kwa sababu gani? Nani atamtembelea?

2. Kila mmoja ataje baraka moja aliyo nayo isiyo pesa.

3. Tukianza wiki hii, tutatenga shilingi ngapi?